Mnada wa Nyumba za Rehani: Mwenye Nyumba na Mnunuzi Wajue Haki Zao

(Hotuba iliyotolewa na Mwenezi wa Chama mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi.)



Kamati imeniomba niseme leo juu ya jambo ambalo watu hulinong'ona majumbani lakini hawalileti mkutanoni. Jambo hilo ni mnada wa nyumba zilizowekwa rehani. Mtu akifiwa, majirani hujaa uani pake. Akioza binti, tutakuja na sufuria zetu. Lakini gazeti likitoka na tangazo la mnada wa nyumba yake, yeye hujifungia ndani, na sisi tunapita mlangoni pake tukiangalia chini. Haya hiyo haimsaidii mtu. Sheria imempa mwenye nyumba siku za kujiokoa, naye huzimaliza kwa kujificha.

Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Basi tuyaangalie matanga haya yanavyokuja, maana hayaji kwa siku moja.

Wakoloni walipotoa mpango wa Swynnerton mwaka 1954, walisema kwamba mkulima Mwafrika akipewa hati ya shamba lake ataweza kukopa fedha kwa hati hiyo. Hayo yalikuwa kweli, na mpaka leo wengi wetu hapa Kenya tumesomesha watoto na kufungua maduka kwa fedha zilizopatikana hivyo. Lakini sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Hati inayokupa mkopo ndiyo hiyo hiyo inayompa mdai uwezo wa kuuza. Na hapa lazima niseme neno ambalo wengi hawalijui: benki yenye rehani iliyoandikishwa sawasawa haihitaji kwenda mahakamani kuomba hukumu kwanza. Yaweza kuuza kwa nguvu ya rehani yenyewe. Usikae nyumbani ukingoja kuitwa na hakimu, ukidhani kwamba kabla hujaitwa hakuna kitakachotokea.

Hata hivyo benki haiwezi kuamka asubuhi na kuleta dalali. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 na Kanuni za Madalali za mwaka 1997 zimeweka hatua, na kila hatua ina siku zake. Naomba wenye kalamu waandike.

Hatua ya kwanza: mtu ameshindwa kulipa, na mwezi mmoja umepita. Ndipo mdai anaweza kumpelekea notisi. Notisi hiyo hapana budi ieleze kosa ni nini, fedha zinazodaiwa ni kiasi gani, na muda wa kulipa, ambao haupungui miezi 3. Tena imweleze kwamba ana haki ya kwenda mahakamani kuomba nafuu.

Hatua ya pili: miezi hiyo 3 ikipita bila malipo, mdai hutoa notisi nyingine, yaani notisi ya kuuza. Hii ina siku zisizopungua 40. Nakala yake haiendi kwa mwenye hati peke yake. Yapasa kupelekwa kwa mume au mke aliyekubali rehani ile, kwa mpangaji, kwa mdhamini, na kwa wengine wenye haki katika mali hiyo.

Hatua ya tatu: dalali naye humpa mwenye nyumba notisi yake ya siku zisizopungua 45 za kuikomboa mali. Hatua ya nne: siku hizo zikiisha, mnada hutangazwa gazetini, wala hauwezi kufanyika kabla ya siku 14 tangu tangazo la kwanza.

Mimi ni mwalimu, basi niruhusuni nifanye hesabu. Mwezi 1, na miezi 3, na siku 40, na siku 45, na siku 14. Zikifuatana moja baada ya nyingine, ni kama miezi saba. Katika miezi saba mtu aweza kwenda kwa meneja wa benki na kuomba malipo yapangwe upya. Aweza kuuza ng'ombe au kipande cha shamba kingine. Tena aweza kutafuta mnunuzi mwenyewe, kwa kukubaliana na benki, akaiuza nyumba yake polepole kwa bei ya soko, akalipa deni na kubaki na akiba. Mwenye kuuza kwa hiari yake hupata bei kuliko anayeuziwa chini ya nyundo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na katika habari hii, mtu aweza kukosa hata mahali pa kuujengea.

Na ule uvumi kwamba ukikataa kuipokea notisi haina nguvu, uacheni kabisa. Aliyetumwa ataandika kwamba umekataa, na siku zitaendelea kuhesabiwa. Pokea karatasi, andika tarehe uliyoipokea, uiweke. Tarehe hiyo ndiyo itakayokusaidia iwapo mdai ameruka hatua.

Akina mama, hapa nasema nanyi hasa. Nyumba mnayokaa mke na mume haiwezi kuwekwa rehani kwa sahihi ya mmoja. Sheria yasema rehani ya nyumba ya ndoa ni halali pale tu ambapo mume au mke anayekaa humo ametia sahihi, au pana ushahidi kwamba amekubali. Kwa hiyo mume akikuletea karatasi jioni na kusema, "Tia sahihi hapa, ni mambo ya ofisi," muulize ni ofisi gani. Ukiisha kutia sahihi, ni vigumu kusema baadaye kwamba hukujua. Na wewe bwana, ukificha karatasi kwa mkeo, unajifungia mlango wa msaada, maana mke naye aweza kwenda mahakamani kuomba nafuu.

Kadhalika wale wanaotoa hati zao kumdhamini rafiki. Unayempa hati hakuombi chai. Akishindwa kulipa, nyumba itakayouzwa ni yako.

Sasa kuhusu kiasi cha deni. Wapo wanaosema riba hupanda bila mwisho. Tangu mwaka 2007, Sheria ya Mabenki, kifungu cha 44A, imeweka mpaka. Mkopo ukiisha kuhesabiwa kuwa haulipwi, riba ambayo benki yaweza kudai haipiti kiasi cha msingi uliokuwa umebaki siku ile. Ikiwa msingi uliobaki ulikuwa shilingi milioni 2, riba mwisho wake ni milioni 2 nyingine, pamoja na gharama za kudai. Ni mzigo mzito, lakini una mwisho. Kwa hiyo daini hesabu kwa maandishi. Ila mjue kwamba kubishania kiasi peke yake, kwa kawaida, hakuwatoshi mahakimu kuuzuia mnada. Na hata mahakama ikiuzuia kwa muda, deni halikufutwa. Dawa ya deni ni kulipa.

Tufike siku ya mnada yenyewe. Kabla ya siku hiyo, mdai lazima awe amempeleka mthamini kuikadiria nyumba, maana sheria inamtaka atafute bei nzuri kuliko zote zinazoweza kupatikana kwa haki. Nyumba ikiuzwa chini ya bei ya soko kwa robo nzima au zaidi, sheria inamhesabu mdai kuwa hakutimiza wajibu wake mpaka yeye aonyeshe vingine, na mwenye nyumba aweza kuomba mahakama iutengue uuzaji huo. Yaani nyumba ya milioni 8 ikiuzwa milioni 5, pana jambo la kujibiwa.

Dalali husimama na kusoma masharti. Wanunuzi hutaja bei, mmoja akimpita mwenziwe, mpaka asipatikane wa kuongeza. Ikiwa bei imefika kile kiasi cha chini alichowekewa dalali, nyundo hugonga. Mpaka hapo mwenye nyumba alikuwa na haki ya kuleta fedha na kuikomboa nyumba yake, hata dakika ile ya mwisho. Nyundo ikiisha kugonga, haki hiyo ya kukomboa imekwisha. Kama kulikuwa na makosa katika notisi, mara nyingi kinachobaki ni kudai fidia kwa mdai, kwa maana sheria humlinda mnunuzi aliyenunua kwa nia njema. Hamlindi aliyejua hila ya mdai, au aliyefumba macho asiione. Ndiyo sababu narudia neno la siku. Mwenye malalamiko ayapeleke kabla ya nyundo.

Sasa mnunuzi. Wapo kati yetu wanaoogopa kabisa mnada, na wapo wanaodhani ni mahali pa kuokota mali bure. Wote wamekosea. Mnunuzi mwenye busara huenda kwanza kwenye ofisi ya ardhi kutazama hati: ni ya nani, na ina vizuizi gani. Huenda kuiona nyumba kwa macho, na kuuliza ni nani anakaa ndani, kwa kuwa mara nyingi nyumba ya mnada huuzwa na watu wamo, na kazi ya kuwatoa kwa njia ya sheria humwangukia yeye. Huuliza kodi za kaunti zisizolipwa. Husoma masharti neno kwa neno. Kwa kawaida masharti hayo hudai robo ya bei papo hapo nyundo inapogonga, na salio ndani ya siku 90. Usipoleta salio, robo yako yaweza kupotea. Basi usitaje bei mpaka ujue fedha za salio zitatoka wapi. Na weka kando ushuru wa stempu, ambao ni asilimia 4 mjini na asilimia 2 mashambani. Tena hakikisha dalali ana leseni ya Bodi ya Madalali, na usimpe mtu yeyote fedha za chini ya meza.

Ndugu zangu, sasa nafika kwenye neno lililonileta hapa.

Katika sehemu nyingi za nchi yetu, nyumba ya jirani ikitangazwa, wanakijiji huapa kwamba hapana mtu atakayetaja bei. Pengine huja kwa wingi na kumpigia dalali kelele mpaka aondoke. Moyo wa jambo hilo naujua, na ni moyo mwema. Lakini tuangalie matunda yake. Mnada ukivunjika leo, utatangazwa tena, na gharama za tangazo la pili zitaongezwa juu ya deni la yule yule tunayemwonea huruma. Na siku ya pili huja mgeni kutoka mbali, asiyemjua mtu hapa, naye anakuta hapana wa kushindana naye. Hutaja bei ndogo inayotosha tu kufikia kiwango cha dalali.

Tazameni hesabu. Deni ni milioni 4 na gharama ni laki 3. Nyumba ikiuzwa milioni 5, mwenyewe hubaki na laki 7. Ikiuzwa milioni 7, hubaki na milioni 2 na laki 7, maana sheria inasema wakiisha kulipwa wote wanaodai, kinachobaki ni mali ya mwenye nyumba. Kwa laki 7 mtu atapanga chumba. Kwa milioni 2 na laki 7 aweza kununua kiwanja na kuanza msingi. Na kama deni ni milioni 6 na nyumba ikauzwa milioni 5, mtu huyo atatoka ndani ya nyumba na bado anadaiwa. Kunyamaza kwetu hakuzuii nyundo. Kunapunguza fungu la jirani yetu.

Kwa hiyo simwiti msaliti yule anayetaja bei ya haki mbele ya watu wote. Msaliti ni yule anayekula njama na wenzake kwamba, "Wewe nyamaza, mimi nitanunua, kisha tutagawana." Huyo anaila nyumba ya mwenziwe.

Lakini kilicho bora zaidi ni nyumba isifike mnadani. Naleta mapendekezo matatu mbele ya tawi. Kwanza, tuchague watu wawili wanaojua kusoma karatasi za sheria, wenye kutunza siri, ili mwanachama akipata notisi awapelekee siku hiyo hiyo, wamhesabie siku zake na kumpeleka kwa wakili ikihitajika. Pili, mwanachama anayetaka kuweka hati rehani asome masharti pamoja na mke wake au mume wake kabla ya kutia sahihi, na asiyejua kusoma asomewe. Tatu, mwenzetu akilazimika kuuza, tumsaidie kutangaza na kutafuta mnunuzi wa bei ya soko mapema, miezi ile saba ingali mikononi mwake.

Kudaiwa si wizi. Tusimwache mtu mwenye karatasi ya benki mfukoni akae peke yake gizani akihesabu siku vibaya. Kama yupo hapa leo, mkutano ukiisha na anifuate kimya kimya, tuisome pamoja.