Njia ya Mwenda kwa Miguu Barabara Inapojengwa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumepewa nafasi ya kusema machache juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulikanyaga asubuhi aendapo kazini. Wengi wetu hatuna motokaa. Twashuka basini, na mwendo uliobaki hata ofisini ni wa miguu yetu wenyewe.

Tangu mwaka 2012, ilipoanza kazi ya njia ya mabasi yaendayo haraka katika Barabara ya Morogoro, mji wetu wa Dar es Salaam haujapata kutulia. Mabasi yale yalianza kuchukua abiria mwaka 2016. Kisha ikachimbwa Barabara ya Kilwa kwendea Mbagala, na Barabara ya Nyerere kwendea Gongo la Mboto. Hatulaumu kazi hiyo. Sisi wenyewe twayapanda mabasi hayo, nasi twashukuru. Lakini twaona desturi moja mbaya: barabara ikianza kuchimbwa, kitu cha kwanza kuondolewa ni njia ya miguu, na cha mwisho kujengwa ni hiyo hiyo.

Sababu yake yaonekana. Magari hayana budi kupita, kwa hiyo huchepushwa, na mahali pa kuyachepushia ni pale pembeni tulipokuwa tukipita sisi. Basi twabaki na handaki upande mmoja na malori upande wa pili. Mshika bendera yupo, ila macho yake ni kwa magari tu. Hatujapata kumwona akiyasimamisha ili mama mwenye mtoto mgongoni avuke. Masika yakianza, handaki hujaa maji yakawa sawa na barabara, wala mgeni hajui kina chake. Utepe uliofungwa kwenye vijiti viwili humwonya mwenye macho, tena mchana. Fimbo ya asiyeona hupita chini yake. Mwenzetu mmoja alitumbukia hivyo akitoka kazini jioni, akavunjika mguu. Alipopeleka malalamiko aliulizwa kwa nini hakutazama alipokanyaga. (Juu ya matope na viatu hatusemi neno, ingawa wako wakubwa wanaodhani karani mwenye matope ni karani mvivu.)

Husemwa kwamba waenda kwa miguu ni wakaidi, huonyeshwa pa kuvuka wasifuate. Sivyo. Kivuko kikihamishwa mbali, mtu mwenye mzigo kichwani na jua la saa saba hatazunguka, atapita pafupi. Mhandisi mwerevu huweka kivuko pale watu wanapopita tayari. Tena kuna mwendo wa magari. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwamba hatari ya kufa kwa aliyegongwa huzidi mara nne na nusu mwendo ukipanda kutoka kilomita 50 kwa saa hata 65. Penye kazi twataka matuta, maana kibao peke yake hakimzuii dereva.

Sasa jambo hili latuhusu sisi makarani zaidi ya wengine. Mikataba hupita mezani kwetu: twaipiga chapa, twaijumlisha, twaifungia jaladani. Humo lami hupimwa, mifereji hupimwa, hata mawe ya ukingo. Lakini usalama wa wapita njia mara nyingi huandikwa mstari mmoja wa fedha za jumla. Kisichopimwa hakikaguliwi, na mkandarasi akifunga utepe huhesabu amekwisha timiza. Twaomba njia ya muda ipimwe kwa mita kama vitu vingine: upana wa mita moja na nusu, uzio mgumu, taa za usiku, na daraja la mbao lenye vishikio juu ya kila handaki. Iwe tayari kabla katapila halijashuka, na malipo yake yangoje ukaguzi.

Karani hana amri ya kubadili mkataba, twajua. Lakini aweza kumwandikia mkubwa wake dokezo kwamba kipimo hicho hakikuonekana.

Barua ya Chama kuhusu haya imekwisha pigwa chapa, nayo iko kwa Katibu. Walio tayari kutia sahihi wamwone kabla hawajaondoka.