Busha: Kupasuliwa Asubuhi, Kulala Nyumbani Jioni

Natumaini mmekwisha kuketi, na mwalimu wenu ameandika ubaoni maneno matatu ya leo: busha, korodani, ganzi. Yasomeni pamoja naye mara mbili. Vyema. Sasa sikilizeni, baadaye mtayasoma haya haya katika karatasi hii.

Ndugu yangu, hapa pwani kila mtu analijua busha, lakini halitajwi ila kwa kucheka. Mwenye nalo huvaa kanzu pana. Huacha kuoga baharini na wenzake, huacha kwenda ngomani, na mwisho huacha hata kuketi barazani. Aweza kukaa hivyo miaka kumi. Lakini wazee walisema: Mficha uchi hazai. Basi leo tutalisema wazi.

Busha ni nini? Ni maji yaliyojikusanya ndani ya ngozi nyembamba inayoizunguka korodani. Wengine husema huletwa na kunywa madafu. Sivyo. Hapa pwani sababu kubwa ni minyoo midogo sana inayoletwa na mbu, ile ile iletayo matende. Mwaka 1877, huko Uchina, daktari Patrick Manson aligundua kwamba mbu anayemwuma mgonjwa huifyonza minyoo hiyo pamoja na damu. Dafu halina kosa. Mwenye kosa ni mbu.

Je, busha huponaje? Dawa ya kumeza huua minyoo midogo iliyo katika damu, lakini haiondoi maji ya busha kubwa. Kuyavuta maji kwa sindano hakufai sana, kwa sababu mara nyingi hujaa tena. Tena si kila uvimbe ni busha. Mwingine ni ngiri, yaani utumbo ulioshuka, na sindano yaweza kuutoboa. Kwa hiyo usimwendee mtu wa mtaani. Nenda hospitali. Daktari atakupapasa, na pengine atamulika uvimbe kwa kurunzi gizani: maji hupitisha mwanga.

Dawa hasa ni kupasuliwa. Usidhani utakatwa uanaume wako. Korodani hubaki mahali pake. Daktari hupasua ngozi, huyatoa maji, huikata au huigeuza ile ngozi nyembamba, kisha hushona. Hutiwa ganzi usione maumivu, na wengi hurudi nyumbani siku ile ile. Lakini kupona kwako kumo pia mikononi mwako.

Kabla ya siku hiyo, mwambie daktari kama una kisukari au shinikizo la damu, kama damu yako hukawia kuganda, na dawa zote unazotumia, hata za miti shamba. Aspirini huifanya damu ikawie kuganda, basi usiifiche. Usijinyoe kwa wembe. Vijidonda vyake ni mlango wa vijidudu. Oga kwa sabuni usiku na asubuhi. Usile chakula tangu saa utakayoambiwa, hata uji, kwa sababu chakula chaweza kupanda na kuingia mapafuni. Chukua chupi ya kubana, na mtu wa kukurudisha. Usiende kwa baiskeli yako.

Ukisha kupasuliwa, usiondoke hospitali mpaka umeweza kukojoa. Nyumbani, lala chali, na weka taulo iliyokunjwa chini ya mfuko wa korodani uinuke. Vaa ile chupi mchana na usiku kama utakavyoagizwa. Kidonda kikae kikavu. Usikipake majivu wala majani. Maliza dawa ulizopewa. Utaona uvimbe na ugumu, usiseme, “Busha limerudi.” Uvimbe huo hupungua polepole kwa majuma mengi.

Mwenye kuhimiza kazi hujiharibia. Gunia, jembe, ndoo ya maji, baiskeli, mnazi: viache vyote mpaka daktari akuruhusu, na mara nyingi ni mwezi mmoja au zaidi. Tendo la ndoa nalo lingoje ruhusa hiyo.

Sasa sikiliza sana. Ukiona homa, usaha au harufu mbaya, damu inayolowesha kitambaa, uvimbe unaokua ghafula, maumivu yanayozidi, au mkojo unaokataa kutoka, rudi hospitali mara moja, hata ikiwa usiku. Usingoje siku uliyopangiwa.

Mabibi, msidhani somo hili si lenu. Pengine ni wewe utakayemwambia mumeo, “Baba nanihii, twende hospitali.” Neno lako la upole litamfikisha huko kuliko vicheko vya mtaa mzima. Na nyote, laleni ndani ya chandarua, na wagawaji wa dawa za matende wakipita, mezeni. Kupasuliwa huondoa busha. Hakumzuii mbu kuuma tena.

Maswali ya kujibu kwa maandishi:
1. Kwa nini sindano ya mtaani ni hatari?
2. Kwa nini mgonjwa haruhusiwi kula kabla ya kupasuliwa?
3. Andika mambo matatu yatakayokufanya urudi hospitali upesi.

Na swali la nne si la kuandika: je, yuko mtu nyumbani kwako anayeficha? Leo jioni msomee karatasi hii. Kwaherini.