Bastola ya Kuanzishia Mbio, na Sababu za Kukataa Kulia

Mazungumzo yetu ya leo yahusu chombo kidogo ambacho wengi hukiona mara moja tu kwa mwaka, siku ya michezo ya shule, nacho ni bastola ya kuanzishia mbio. Risasi zake hazina kichwa. Hutoa mlio na moshi tu. Lakini ikikataa kulia, haki ya mtoto yaweza kupotea, kama tulivyojionea wenyewe.

Sisi wa Bashay tunazijua mbio. Mbulu ndiko alikotoka John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 mguu wake umefungwa bendeji, zaidi ya saa nzima baada ya mshindi. Na kwa jirani zetu wa Karatu alitoka Filbert Bayi, ambaye mwaka 1974 huko Christchurch alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akaweka rekodi ya dunia. Basi kwa watoto wetu mstari wa kuanzia si mahali pa mzaha.

Mwaka mmoja, asubuhi ya ukungu, sisi ndio tuliokabidhiwa bastola. Wasichana watano walikuwa wamekwisha kuinuka kwa neno “Tayari”. Tukavuta kifyatulio, ikasikika “ta!” tu, kama kijiti kilichovunjika. Wanne wakabaki. Mmoja akadhani ndio mlio wenyewe, akaondoka kama mshale, wala hakusikia tulivyomwita, hata akafika utepeni. Baada ya dakika chache mbio zikarudiwa. Yeye, aliyekwisha kuzitumia nguvu zake, akawa wa tatu, na waliotakiwa kwenda mbele walikuwa wawili. Hakulalamika, aliokota sweta yake akaenda zake. Kosa lilikuwa letu.

Jioni ile tulikaa na bastola mezani tutafute sababu. Kwanza tulihakikisha kwamba haina risasi hata moja ndani. Kisha tulijiwekea sharti: tubadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja. Mtu asafishaye mtutu, akabadili risasi na kutia mafuta kwa pamoja, hata bastola ikipona hatajua ilikuwa inaugua nini.

Tulianza na risasi. Tulichukua chache za sanduku jipya lililokaa pakavu, tukazipiga nje, mkono juu, mbali na watu: zote zikalia. Tukarudia zile za asubuhi: mbili kati ya sita zikakataa, ingawa alama ya sindano ilikuwa imeingia sawasawa katika kila ganda. Basi sindano ilikuwa imefanya kazi yake. Sanduku ndilo lililolala sakafuni, likanywa unyevu.

Kama alama ya sindano ingalikuwa hafifu, tungaliitafuta sababu kwingine. Huenda kamani ya nyundo imelegea kwa uzee. Huenda masizi yamejaa katika njia ya sindano, au mafuta yameganda kwa baridi, nayo baridi ya huku kwetu si haba. Na kama ngoma ya risasi inazunguka kwa shida, hutazamwa masizi chini ya kingo za maganda, au ganda lililovimba likakwama.

Dawa ya mengi ya hayo ni brashi ndogo, kitambaa kikavu, na mafuta tone moja. Twasema tone moja kwa makusudi. Mafuta yakizidi huvuta vumbi wakati wa kiangazi, tena yakipenya katika risasi huiua fataki yake.

Bastola ya kulenga shabaha nayo huugua maradhi kama hayo, na mengine zaidi. Ile ijipakiayo yenyewe hutegemea nguvu ya risasi kurudisha mtambo nyuma. Risasi ikiwa dhaifu, ganda hukwama mlangoni. Midomo ya kasha la risasi ikipinda, risasi hupanda upande. Na katika bastola nyingi za risasi ndogo za .22, kuvuta kifyatulio mara kwa mara bila risasi huichosha sindano na kuukwaruza ukingo wa chumba cha risasi. Utafiti wake ni ule ule: risasi kwanza, kisha kasha, kisha usafi, kisha kamani.

Jambo kubwa kuliko yote ni hili. Bastola ikikataa, usiishushe ukaichungulia. Ishike vivyo hivyo imeelekea juu, uwaamuru wakimbiaji, “Simameni”, uhesabu hadi 30 ndipo uifungue, kwa maana baruti yaweza kuchelewa kuwaka. Wala asidanganyike mtu kwa kuwa risasi haina kichwa. Mwaka 1984 mwigizaji wa Marekani, Jon-Erik Hexum, alijipiga kichwani kwa mzaha kwa risasi ya namna hiyo, akafa. Tena sheria ya Tanzania ya mwaka 2015 ya kudhibiti silaha na risasi ipo. Shule itakayo bastola na iwaulize polisi kwanza.

Katika michezo mikubwa, kama ile ya London mwaka 2012, bastola ya umeme ilitumika, na mlio ukatoka katika vipaza sauti nyuma ya kila mkimbiaji. Sisi tusio nacho chombo hicho tuna njia yetu: risasi zikae katika mkebe uliofungwa vizuri, chache zijaribiwe siku iliyotangulia, na bastola ya pili iwe karibu. Ikikosekana, vibao viwili vya mbao vikigonganishwa kwa nguvu vyatosha kwa mbio za watoto. Navyo havipati unyevu wa kuvizuia kulia.

Mtoto apigaye goti mstarini amekwisha kufanya mazoezi yake. Nasi tulio na bastola mkononi yatupasa tuwe tumekwisha kufanya yetu.