Waya Chakavu na Mali ya Chama
(Maneno ya Mkaguzi wa Ushirika mbele ya makatibu, wajumbe wa halmashauri na madereva wa vyama wanachama)



Nimezoea kusimama mbele yenu kuzungumza habari za vitabu vya hesabu. Leo naomba nizungumze habari za waya wa gari, kwa sababu waya huo ulinifanya nimdhulumu mtu, na nisingependa mwingine arudie kosa langu.

Chama kimoja nilichokikagua kina Land Rover kuukuu, iliyoundwa kabla ya 1971, wakati magari hayo yalipokuwa yakitoka kiwandani na dainamo. Dainamo ile ilitoa ampea 22 tu, na injini ikienda polepole haikutoa karibu chochote. Halmashauri ikaamua kwa busara kuiondoa na kufunga altaneta ya ampea 45. Hati ya malipo ilikuwa safi, nami nikaipitisha.

Mwaka uliofuata nikakuta betri tatu zimenunuliwa kwa ajili ya gari hilo moja. Kwa kuwa altaneta ilikuwa mpya, niliandika katika taarifa yangu kwamba huenda betri zinauzwa. Dereva akaachishwa kazi. Akaja dereva mwingine, na kabla miezi minne haijatimia betri ya nne nayo ikafa. Hapo ndipo nilipotaka aitwe fundi wa umeme.

Fundi alitia moto injini, akawasha taa zote, akapima. Kwenye altaneta palikuwa na volti 14.2, kwenye betri, 12.9. Betri ya volti 12 huhitaji kupata baina ya volti 13.8 na 14.4 ili ijae. Ile ilikuwa ikishinda na njaa siku zote, na betri isiyojazwa hufanya ukoko mgumu juu ya sahani zake za risasi, ikafa kabla ya wakati wake.

Je, volti zile zilikwenda wapi? Zililiwa njiani. Altaneta ilikuwa mpya, lakini waya ulikuwa ule ule wa dainamo, wenye unene wa milimita za mraba 3 hivi, uliozunguka hadi kwenye kipima ampea cha dashibodi kabla ya kuifikia betri. Waya wa shaba wa unene huo, wenye urefu wa mita 3, ukipitishwa ampea 40 hupoteza volti 0.7 hivi, kiasi kilichobaki kililiwa na viungo vyenye kutu. Waya wa milimita za mraba 10 hupoteza volti 0.2 tu. Tena kinachopotea hugeuka joto: ganda la waya ule lilikwisha kuwa gumu na jeusi. Kidhibiti kilichomo ndani ya altaneta hakikujua lolote, maana hupima volti pale pale kilipo, kama karani ahesabuye magunia yatokayo ghalani asijue yaliyomwagika njiani.

Kwa hiyo, chama chenye gari la zamani hakina budi kuzingatia mambo haya.

Kwanza, pimeni kabla ya kununua. Injini ikienda mwendo wa wastani na taa zote zikiwaka, tofauti kati ya chanya ya altaneta na chanya ya betri isizidi volti 0.5, na kati ya mwili wa altaneta na hasi ya betri isizidi 0.2.

Pili, hakikisheni kwamba hasi ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Magari mengi ya Kiingereza yaliyoundwa kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 yalifungwa chanya, na altaneta ya kawaida ikiungwa hivyo huungua mara moja.

Tatu, fungueni kwanza waya wa hasi wa betri, ndipo mvute waya mpya wa milimita za mraba 10, moja kwa moja kutoka altaneta hadi betri. Wekeni fyuzi ya ampea 60 karibu na betri, kwani waya huo ukikwaruzwa na bati pasipo fyuzi, gari lote laweza kuteketea. Upitapo kwenye tundu, uvishwe mpira. Kipima ampea cha zamani hakikuundwa kwa mzigo huo. Nafasi yake ichukuliwe na kipima volti.

Nne, waya wa hasi uendao kwenye bodi, na ule wa kutoka bodi hadi injini, isafishwe miisho yake mpaka chuma king'ae, kisha ikazwe barabara.

Nasi wakaguzi, tuonapo stakabadhi ya altaneta kubwa, tuulize stakabadhi ya waya iko wapi. Na volti za betri ziandikwe katika daftari la gari kila baada ya miezi mitatu, ili shaka ikizuka pawepo na maandishi ya kutazama.

Chama kile kilinunua waya, fyuzi na vichwa vya waya kwa fedha pungufu ya bei ya betri moja. Yule dereva wa kwanza nilimwendea nyumbani kwake kumwomba radhi, kisha nikasimama mbele ya Mkutano Mkuu nikayafuta maneno yangu. Alirudishwa kazini na kulipwa mishahara ya miezi yote aliyokaa nje. Lakini mwanawe alikwisha kurudishwa nyumbani kwa kukosa ada, na muhula ule haukulipika kwa hati yoyote.