Tulikwenda Nairobi Kumwona Mama wa Samaki

(Maneno yaliyosemwa na mweka hazina wa zamani wa kikundi, siku ya kuadhimisha miaka kumi, Temeke, Dar es Salaam)

  

Nimepewa dakika kumi na tano. Mama Mwenyekiti amenionya nisizidishe maana pilau inapoa. Nimeambiwa nieleze habari ya ile safari yetu ya Nairobi, ambayo wengi mnaisikia kwa utani tu, "safari ya kwenda kula samaki." Leo nataka niiseme yote, na ibaki katika kitabu hiki, kwa sababu wanachama wapya wanaliona lile daftari la warithi lililomo ndani ya sanduku letu na hawajui lilitoka wapi.

Ndugu zangu, kikundi hiki tulikianza mwaka 2015, akina mama 25, chini ya mwembe. Sanduku moja, kufuli tatu, wenye funguo watatu. Hisa kila Jumamosi, na mia mia za mfuko wa jamii kwenye kibakuli. Wengi wetu tulikuwa ni wapishi, mama ntilie. Siku hizi wanatuita mama lishe, na sisi tumekubali, ingawa sufuria ni zile zile na moshi ni ule ule.

Basi mwezi wa Septemba mwaka 2016, jioni moja, tulikuwa kwa mwenzetu mmoja kule Yombo tukipiga hesabu. Televisheni ilikuwa inasema yenyewe pembeni. Mara tukaona Mzungu kijana, fulana tu kavaa, anakula ugali na samaki mzima kwa mkono. Mwenye nyumba akasema, "Jamani, huyu si ndiye mwenye Facebook?" Kweli, alikuwa Mark Zuckerberg. Alikuwa ametoka Lagos, Nigeria, akaingia Nairobi, akapelekwa na waziri wa Kenya kula mchana. Na hawakumpeleka kwenye hoteli ya ghorofa. Walimpeleka kwa Mama Oliech, mgahawa wa familia unaouza samaki na ugali.

Tukaacha hesabu. Tukaambiwa kwamba mama huyo ndiye mzazi wa Dennis Oliech, yule mshambuliaji wa Harambee Stars aliyecheza mpira Ufaransa, na kwamba mama alianza kwa kuuza samaki ili watoto wake wale. Mimi nilikuwa na beseni la maandazi miguuni. Nikalitazama lile beseni, nikaitazama televisheni. Mwenzetu wa Mbagala, ambaye nitamtaja tena, akasema neno moja: "Twende."

Tulicheka. Lakini yeye hakuwa anacheka.

Jumamosi iliyofuata akalileta kikaoni. Jamani, siku ile palichimbika! Wengine wakasema twende wote, tutumie fedha ya mfuko wa jamii. Mama Mwenyekiti akasimama, akasema mfuko wa jamii ni wa msiba na maradhi, samaki wa Nairobi si msiba wala maradhi. Wengine walimnunia. Mimi nilimnunia mwezi mzima, na leo namwomba radhi mbele ya mgeni rasmi. Ingekuwa siku ile tumeligusa lile sanduku, tusingekuwa na sherehe hii.

Ikaamuliwa anayetaka kwenda achange pembeni, shilingi elfu moja kila wiki. Tulianza wanane. Ada za shule zikaja, mvua zikaja, kodi ya nyumba ikaja. Tukabaki watatu: mimi wa Tandika, mwenzetu wa Manzese, na yule wa Mbagala. Ilituchukua karibu miaka mitatu.

Katika miaka hiyo lilitupata jambo. Mwaka 2017 tulifiwa na mwanachama, muuza mihogo na kachori, mchapakazi asiye na mfano. Alikuwa na hisa zake nzuri ndani ya sanduku. Hatujamaliza hata matanga, wakaja watu watatu kudai. Shemeji alisema yeye ndiye mkubwa wa familia. Kaka wa marehemu alisema mtaji ulikuwa wake. Na binti wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa anaamka na mama yake saa kumi usiku kumenya mihogo, alikaa kimya tu, analia. Sisi hatukuwa na karatasi. Hatukujua nani anamdai marehemu wala nani anadaiwa. Fedha ile ilisuluhishwa kwa wazee, ikagawanywa vipande vipande, na biashara ya mihogo ikafa pale pale. Yule binti akaenda kufanya kazi za ndani. Hilo liliniuma, na linaniuma mpaka leo, maana mweka hazina nilikuwa mimi.

Tukaondoka Ubungo mwaka 2019, saa kumi na mbili asubuhi, na basi. Wakati huo stendi ilikuwa bado Ubungo, haijahamia Mbezi Luis. Kila mmoja alikuwa na hati ya kusafiria ya dharura, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, na furushi la chapati. Chalinze, Segera, mashamba ya mkonge ya Korogwe, milima ya Usambara, kisha Upare, Same, Moshi. Mwenzetu wa Manzese hakuwahi kuuona mlima Kilimanjaro. Ulipojitokeza mawinguni akanyamaza kama yuko msikitini. Arusha tulilala kwa jamaa, asubuhi tukashika njia ya Namanga. Pale mpakani siku hizi maofisa wa nchi mbili wanakaa chini ya paa moja. Kituo hicho kilifunguliwa rasmi Desemba 2018, kwa hiyo unagongewa muhuri wa kutoka na wa kuingia humo humo. Tukabadilisha fedha, shilingi yao moja ilikuwa kama 22 za kwetu. Mwenzetu wa Mbagala akasema, "Tumeshakuwa maskini kabla ya kufika."

Nairobi ni baridi na watu wake wana haraka. Sisi tunasema "naomba maji," wenzetu wanasema "leta maji," na hakuna ugomvi, ndiyo lugha yao. Tukauliza mpaka tukafika mtaa wa Kilimani, tukauona mgahawa.

Tulikaa. Tukanawa. Akaletwa samaki mzima, kichwa na mkia, ugali na mboga ya majani. Ni yule yule sato wetu wa Mwanza. Wajaluo wanamwita ngege. Pembeni yetu walikaa mabwana wa tai, na upande wa pili vijana wa kawaida kabisa, wote wanachambua miiba kwa vidole. Nikasema moyoni, kumbe chakula chetu hakina aibu. Aliyekitia aibu ni sisi tunaokiuza huku tumeinamisha kichwa.

Lakini mimi sikwenda kula. Nilikwenda na swali. Swali lenyewe mnalijua, kila mpishi aliyeko hapa analijua: "Mama, ulipokuwa na beseni moja tu la samaki, na jamaa wanakuja kula kwa mkopo, na watoto wana njaa hapo hapo, mtaji hukuula vipi?" Nilikuwa nimelifanyia mazoezi njia nzima.

Nikamwambia kijana aliyetuhudumia, tumetoka Dar es Salaam, tunaomba tumsalimie mama mwenyewe, hata dakika mbili.

Kijana akaweka chini sahani alizoshika. Akasema, "Poleni, mama zangu. Mama alituacha mwaka jana."

Alifariki mwaka 2018. Sisi tulikuwa bado tunachanga elfu moja moja.

Ndugu zangu, siwezi kuwaeleza tulivyokaa. Mwenzetu wa Manzese alilia, analia kwa ajili ya mtu asiyemjua. Yule wa Mbagala hakulia. Alikuwa anatazama jikoni. Samaki wanaingia, samaki wanatoka, watu wanalipa. Akaniambia taratibu, "Mwenyewe hayupo, na moto unawaka. Kwetu mwenye mihogo alipokufa, moto ulizimika siku ile ile. Hilo ndilo lililotuleta."

Njiani kurudi hatukulala. Kuanzia Arusha mpaka Chalinze tulikuwa tunabishana. Mimi nikasema wale ni matajiri, wana mtoto mcheza mpira. Yeye akasema, sawa, sisi hatuna mcheza mpira, lakini daftari la shilingi elfu mbili tunalo? Nikakosa jibu.

Sasa niseme na kosa langu, maana hotuba ya kujisifu tu haifai. Nilipofika Tandika nilikopa kikundini, nikataka kuuza sato kama Nairobi. Sato anatoka Mwanza na barafu, bei yake inapanda njiani. Wateja wangu ni wabeba mizigo na makondakta, wamezoea kibua wa Feri, dagaa na maharage. Wakamtazama sato, wakauliza bei, wakaenda kwa jirani. Nilipoteza shilingi 180,000. Kikundi hakikunitukana. Kilinipangia kulipa kidogo kidogo, nikamaliza kwa miezi mitano. Nilikuwa nimechukua samaki wa watu, na lililofaa kuchukuliwa nimeliacha kule kule.

Mwenzetu wa Mbagala yeye hakubadilisha chakula hata kimoja. Aliendelea na wali wake wa nazi na maharage. Alichofanya ni kununua daftari kubwa. Ukurasa wa kwanza: nani anamdai, muuza mkaa kiasi gani, muuza mchele kiasi gani. Wa pili: nani wanadaiwa. Wa tatu: vipimo vya kila sufuria, kilo kwa kilo. Na akajiandikia sahani tatu kwa siku za jamaa na watoto. Ya nne inalipwa, hata akila yeye mwenyewe. Basi, lile swali langu la Nairobi alilijibu yeye, kwenye daftari la mistari.

Kisha akaja kikaoni akasema kila mwanachama aandike jina la mrithi wake, mbele ya mashahidi wawili, lifungiwe sandukuni. Wengine walisema ni uchuro, anatutakia kifo. Alizomewa. Akaandika la kwake peke yake, jina la binti yake, akaketi. Wiki iliyofuata nikaandika mimi. Halafu wa Manzese. Ilichukua miezi minne mpaka wote 25.

Mwaka 2021 yeye alitangulia. Alikuwa ndiye wa kwanza kufa baada ya daftari lile.

Walikuja watu kudai, kama kawaida. Safari hii Mama Mwenyekiti alifungua kufuli tatu mbele yao, akasoma. Hakuna aliyepandisha sauti. Binti alipewa hisa za mama yake zote, na siku ya nne baada ya matanga alikuwa barazani Mbagala anachochea moto, daftari liko juu ya gunia la mchele. Leo ni mwanachama wetu wa kitabu namba ile ile ya mama yake. Na hii pilau ambayo Mama Mwenyekiti anaihofia isipoe, ameipika yeye. Mwanangu, simama watu wakuone.

Akina mama, nimalizie. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Mimi nimeona mara mbili, mara moja bila daftari na mara moja nalo. Nina ombi moja kwa wanachama wapya kumi na moja ambao, nimeangalia jana, bado hawajaandika jina: msingoje safari ya Nairobi. Kalamu iko hapa mezani, na mashahidi tumejaa. Tuandike kabla ya kula.

Mungu amrehemu Mama Oliech, Mungu amrehemu mwenzetu wa Mbagala, na Mungu akibariki kikundi chetu.