Siri ya Kupungua Kwangu

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wa mwaka wa chama chetu, mbele ya wanachama, walimu na wanafunzi.)

Ndugu Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu wetu wastaafu, wanachama wenzangu, na ninyi wadogo zetu mliovaa sare ambayo sisi tuliivaa zamani:

 

Barua ya Ndugu Katibu ilinitaka nizungumze juu ya nafasi za kazi katika utumishi wa umma. Nilimwomba ruhusa ya kubadilisha somo, naye akanikubalia. Nimefanya hivyo kwa sababu nina deni katika ukumbi huu, na deni hulipwa pale lilipokopwa.

Wengi mnakumbuka mkutano wetu wa Desemba 2023. Niliingia hapa nimepungua hata baadhi yenu mkanipita bila kunitambua. Wengine mlinong'ona kwamba nimepata ule ugonjwa. Siwalaumu, kwani kwetu mtu akipungua ghafla watu huanza kumhesabia siku. Waliokuwa na ujasiri wa kuniuliza niliwajibu kwa kicheko: "Ni mchakamchaka tu, ndugu yangu. Naamka alfajiri kama tulivyoamshwa hapa shuleni, na soda nimeacha." Watu walicheka, wakanipigia makofi.

Ndugu zangu, maneno yale yalikuwa uongo. Nilipungua kwa sababu Februari mwaka ule nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza mfuko wa chakula. Leo nataka niwaeleze jambo lenyewe lilivyokuwa, na kwa nini uongo ule umenigharimu kuliko kisu cha daktari.

Nilipomaliza Kidato cha Sita hapa mwaka 2001 nilikuwa na kilo 63. Chuo Kikuu nilikwenda nikiwa mwembamba, nikatoka nikiwa mwembamba. Kazi ndiyo iliyoninenepesha. Asubuhi chai na chapati mbili mezani, mchana wali, jioni chipsi mayai, na katikati yake semina zenye soda na vitumbua. Kiti kilikuwa rafiki yangu kwa saa tisa kila siku. Kadiri cheo kilivyopanda ndivyo tumbo lilivyotangulia mbele, na watu wakanisifu: "Sasa unafanana na mkubwa." Mama yangu ndiye aliyefurahi kupita wote, maana kwake mtoto mnene ni mtoto asiye na dhiki.

Mwaka 2022 nilifika kilo 138. Urefu wangu ni mita 1.72. Ukigawanya uzito kwa urefu uliozidishwa kwa wenyewe, unapata karibu 47. Kwa hesabu za matabibu, kuanzia 30 mtu anahesabiwa kuwa na unene wa kupindukia, na kuanzia 40 hali huwa nzito. Nilikuwa na shinikizo la damu na kisukari. Usiku nilikoroma mpaka pumzi inakatika, na mchana nilisinzia katika vikao. Siku moja nilisinzia nikiwa nasoma taarifa yangu mwenyewe.

Msidhani sikujaribu. Nilifunga, nikatembea, nikaacha wanga. Mara tatu nilipunguza zaidi ya kilo kumi, na mara zote tatu zilirudi na nyongeza. Daktari alinieleza kwamba mwili uliokwisha kuzoea uzito mkubwa huutetea uzito huo: ukiunyima chakula, huongeza njaa na kupunguza matumizi yake ya nguvu. Kwa hiyo anayeshindwa si lazima awe mvivu. Maneno hayo yalinipa faraja ambayo sikuwa nimeipata kwa mtu yeyote.

Upasuaji wa namna hii si jambo la jana. Madaktari wa Marekani walianza kuujaribu katika miaka ya 1950, na siku hizi huduma zake zinapatikana hata hapa nchini, mathalan Mloganzila. Uko wa aina kadhaa. Mimi nilifanyiwa ule wa kuondoa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, kiasi cha robo tatu au zaidi kidogo, ukabaki mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa. Hivyo mtu hushiba upesi, na kwa muda njaa yenyewe hupoa.

Sasa nizungumze juu ya maandalizi, maana wengi hudhani mtu huingia asubuhi mnene na kutoka jioni mwembamba. Maandalizi yangu yalichukua miezi minne. Nilipimwa damu, moyo, ini na usingizi. Nilipitishiwa kooni mpira mwembamba wenye kamera ili waone kama nina vidonda vya tumbo. Wavutaji wa sigara huamriwa kuacha kabisa. Nilikutana na mtaalamu wa lishe, na kadhalika na mshauri wa mambo ya nafsi, ambaye aliniuliza swali nililolidharau: "Nani atajua?" Nikamjibu: "Mke wangu peke yake." Akaandika kitu katika karatasi yake, akanitazama, akasema: "Ungefikiri tena."

Majuma mawili ya mwisho nilikula kidogo sana: vyakula vya protini na mboga, bila wanga wala mafuta. Madhumuni yake ni kulifanya ini lisinyae, kwa kuwa ini la mtu mnene hujaa mafuta na humzuia daktari kufika kwenye mfuko wa chakula. Ofisini niliomba likizo yangu ya mwaka. Niliwaambia wenzangu nakwenda kijijini kukagua shamba.

Upasuaji wenyewe hauna hadithi ndefu. Nilipewa dawa ya usingizi, nikaamka na matundu matano madogo tumboni. Jioni ile ile muuguzi alinisimamisha nitembee, ili damu isije ikaganda miguuni. Alinieleza dalili za hatari: homa, moyo kwenda mbio, maumivu ya tumbo yanayozidi badala ya kupungua. Ukiziona, urudi hospitali saa hiyo hiyo, maana huenda mshono unavuja. Hatari ya kufa ni ndogo, chini ya mtu mmoja kati ya mia, lakini ipo, na mtu hana budi kuijua kabla ya kutia sahihi.

Kazi kubwa huanza nyumbani. Majuma mawili ya kwanza nilikunywa tu: maji, supu ya kuku iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta. Nilikunywa kwa kijiko na kwa mafunda madogo, siku nzima, ili nifikishe lita moja na nusu. Kisha vikafuata vyakula vilivyopondwa: maharage, mtindi, yai laini. Baadaye samaki na mboga zilizoiva sana. Baada ya mwezi na nusu hivi ndipo nilianza vyakula vya kawaida, kwa kipimo cha kisahani cha chai. Sharti utafune mpaka chakula kiwe uji, uanze na protini, na usinywe maji pamoja na chakula bali usubiri nusu saa. Dawa za kisukari zilipunguzwa mapema, na daktari ndiye aliyezipunguza, si mimi. Mwezi wa nne nywele zilianza kung'oka kwa kuchana. Nilikuwa nimeambiwa zitarudi, na zilirudi.

Tena kuna vidonge vya vitamini na madini: chuma, kalsiamu, vitamini B12 na nyinginezo. Hivyo ni vya maisha. Mfuko mdogo hupokea kidogo, na mwili huhitaji vilevile kama zamani.

Hapa ndipo siri iliponiponza. Juni 2023, mwezi wa nne tangu upasuaji, nilitumwa safari ya kikazi ya majuma mawili wilayani. Vidonge niliviacha nyumbani kwa makusudi, nisije nikaulizwa na wenzangu katika gari. Kila tulipofika, wenyeji wetu walitupikia, na ninyi mnajua ukarimu wa vijijini. Ningesema neno moja tu, "Tumbo langu limefanyiwa upasuaji," wangenipa uji na pole. Sikusema. Nilikula ugali mgumu na nyama kama wenzangu, haraka haraka, kisha nikazunguka nyuma ya nyumba kutapika. Nilifanya hivyo kila siku. Juma la pili hata maji hayakukaa. Miguu ilianza kufa ganzi, nikayumba kama mlevi. Dereva ndiye aliyeamua kunipeleka hospitali, naye hakujua amwambie nini daktari, maana hakujua lolote.

Nilipopata nguvu ya kusema, nilisema yote. Nilitundikiwa dripu na kuchomwa sindano za vitamini B1. Mtu anayetapika mfululizo baada ya upasuaji huu huweza kuishiwa na vitamini hiyo, na ikikosekana neva huharibika, tena wakati mwingine zisipone. Mimi nilipona, ila vidole vya mguu wangu wa kushoto mpaka leo havisikii baridi vizuri. Daktari aliniambia: "Bwana, upasuaji wako ulikwenda sawasawa. Kilichokulaza hapa ni haya."

Ungedhani nilijifunza. La. Miezi sita baadaye nilisimama hapa na kuwaambia habari za mchakamchaka.

Siku ile mmoja wetu, tuliyekaa naye dawati moja, alinivuta kando. Alikuwa na uzito kuupita wangu wa zamani, na kisukari cha miaka mingi. Aliniuliza kwa unyenyekevu: "Kaka, umefanyaje? Nieleze kweli." Nikamtazama machoni nikamwambia: "Kimbia." Naye aliniamini, kwa kuwa hapa shuleni hatukuwa tumewahi kudanganyana.

Alikimbia. Alikimbia miezi mitano, alfajiri, kwa viatu vya mpira vilivyombana. Alipungua kilo tatu. Akajiona hana nia kama mimi, akaona haya, akaacha kwenda kliniki. Kiatu kilimchubua mguu, na kwa kuwa kisukari kilikuwa kimekwisha kuua hisia za mguu huo, hakusikia. Alipotazama, kidonda kilikuwa kimeoza. Alikatwa vidole viwili.

Nilikwenda kumtazama wodini na mfuko wa machungwa. Akaniambia: "Wewe uliweza. Mimi nimeshindwa hata kukimbia." Ndugu zangu, nimewahi kulala kwenye meza ya upasuaji, lakini sijawahi kuumia kama nilivyoumia wakati ule. Nilifunga mlango, nikapandisha shati, nikamwonyesha makovu matano. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Ungeniambia tu."

Yumo humu ukumbini. Amenipa ruhusa kulisema hili, na kwa ombi lake simtaji. Amerudi kliniki, anatumia dawa zake, na yuko katika maandalizi kama yale niliyoyaeleza. Kama atafanyiwa au hatafanyiwa, hiyo ni shauri lake na la madaktari wake. Lakini safari hii anajua ukweli.

Wanachama wenzangu, sikuja kuwashawishi mkapasuliwe. Si kila mnene anahitaji kisu, na mazoezi yana faida kwa kila mtu, nami natembea kila siku. Gharama si ndogo. Uliza bima yako italipa nini kabla hujauza ng'ombe. Wala kisu hakimalizi kazi. Mwaka mmoja baada ya upasuaji nilikuwa na kilo 101, leo nina 98, na nikizembea zitarudi. Ninachowaomba ni hiki: ukitibiwa, waambie wale unaokula nao na unaosafiri nao. Mgonjwa anayejificha hujinyima walinzi. Na ukiulizwa na mwenzio aliye katika shida uliyotoka, usimdanganye ili usifiwe.

Mama yangu nilimwambia mwisho wa wote, nikiogopa atadhani nakidharau chakula chake. Alisikiliza mpaka mwisho, akaenda jikoni, akarudi na kisahani kidogo chenye kipande cha samaki. Akasema: "Kumbe ni hivi tu? Mwaka mzima ulikuwa unaninyima kukupikia."

Nanyi wadogo zetu, yamkini katika bweni lenu yuko mwenzenu mnene mliyempa jina la utani. Nasi tulikuwa naye, na jina tulilompa sitalirudia hapa. Mwiteni kwa jina alilopewa na wazazi wake. Mkimbie naye mchakamchaka, msimwache nyuma peke yake. Na siku mtakapoona mtu amepungua, msimhesabie siku. Mwulizeni hali, kisha mpeni nafasi ya kusema kweli.

Ndugu Mwenyekiti, deni langu nimelilipa, ingawa nimechelewa.