Kitabu Kinachomfaa Mtoto

Viongozi wa vikundi, hakikisheni kila mtu amekaa mahali anapoweza kusikia.

Leo tutazungumza juu ya jambo moja: namna ya kumsaidia mtoto kupata kitabu anachokiweza. Najua baadhi yenu mtasema, "Mimi mwenyewe ndiyo kwanza najifunza kusoma. Nitamsaidiaje mtoto?" Subirini kidogo. Mtaona kwamba mnaweza.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mwanangu alipokuwa darasa la tatu nilikwenda dukani kumtafutia kitabu. Nikakiona "Kusadikika" cha Shaaban Robert, kitabu kilichotolewa mwaka 1951. Ni kitabu chembamba. Nikasema moyoni, kitabu chembamba ni kitabu cha watoto. Tena kina habari za nchi iliyo angani. Mtoto gani asiyependa habari kama hizo?

Jioni nikamketisha karibu na taa. Akasoma ukurasa wa kwanza bila ya kukwama sana. Nikafurahi. Kisha nikamwuliza, "Haya, umesoma nini?" Akanyamaza. Nikamwuliza tena, kwa ukali. Machozi yakamtoka. Tangu siku ile, kila akiniona nashika kitabu, alikumbuka kwamba kuna maji ya kuteka.

Je, kosa lilikuwa la mtoto? Hapana. Lilikuwa langu. Kitabu kile ni kizuri sana, lakini ni cha watu wazima. Ndani yake mtu ameshtakiwa kwa kutaka kufundisha sheria, naye anajitetea mbele ya wakubwa. Wembamba wa kitabu haupunguzi uzito wa maneno yake.

Sasa sikilizeni vizuri. Lugha yetu ya Kiswahili huandikwa kama inavyotamkwa. Mtu akizijua herufi, aweza kutamka karibu neno lo lote, hata asilojua maana yake. Hiyo ni bahati kwetu sisi tunaojifunza. Lakini mtoto naye aweza kusoma kurasa kumi kama kasuku, kwa sauti nzuri, asipate kitu. Kwa hiyo usipime kwa sauti peke yake. Pima kwa maana.

Kipimo chenyewe ni hiki. Walimu wengi hukitumia, nacho hakitaki chombo cho chote ila vidole vya mkono mmoja.

Kwanza, fungua kitabu katikati. Chagua ukurasa wenye maneno mengi.

Pili, mtoto asome ukurasa huo. Kila akikuta neno asiloweza kulisoma, au asilojua maana yake, akunje kidole kimoja.

Tatu, hesabuni vidole. Kama hakukunja hata kimoja, au amekunja kimoja tu, kitabu ni rahisi. Viwili au vitatu, kitabu kinamfaa. Vinne, ni kigumu, asome pamoja na mtu wa kumsaidia. Vitano, kiwekeni kwanza. Siku yake itafika.

Nne, funga kitabu, umwambie, "Hebu nisimulie." Akisimulia kwa maneno yake mwenyewe, ameelewa.

Mmeona? Kazi ya mzazi hapa ni kuhesabu vidole na kusikiliza hadithi. Hata mtu ambaye bado hajui kusoma aweza kuifanya.

Msidharau kitabu rahisi. Kitabu rahisi humpa mtoto mwendo na furaha. Akitaka kukisoma mara tatu, mwache. Na kama anapenda kitabu kilicho kigumu kwake, mtu mkubwa amsomee. Mtoto huweza kuelewa kwa masikio hadithi ambayo macho yake bado hayajaiweza.

Siku hizi ziko hadithi za watoto zilizopangwa kwa ngazi. Hadithi za African Storybook, ambazo hutolewa bure, na nyingine ni za Kiswahili, zina ngazi 5. Ngazi ya 1 ina maneno machache sana katika kila ukurasa. Ngazi ya 5 ni ya mtoto kusomewa. Ngazi hizo zinasaidia, lakini vidole vya mtoto wako ndivyo vitakavyokupa jibu. Watoto wawili wa darasa moja huenda wasiwe na uwezo mmoja.

Jambo la mwisho ni hili. Usimwambie mtoto, "Mwenzako anasoma vitabu vikubwa, wewe bado uko na picha." Maneno hayo humfanya aogope kitabu, na mtu hakisogelei kitu anachokiogopa. Sisi tulioanza kusoma ukubwani tunaijua aibu hiyo. Tusiwarithishe watoto wetu.

Mimi nilianza upya. Nilichukua hadithi fupi za Abunuwasi, nikawa namsomea kila jioni, moja tu. Yeye alicheka, nami nikacheka. Jioni moja akaniambia, "Baba, lete, leo nisome mimi."

Maswali ya kuzungumza katika kikundi:

1. Kwa nini mtoto aweza kusoma vizuri kwa sauti bila ya kuelewa?
2. Mtoto akikunja vidole vitano, mzazi afanye nini?
3. Chukueni kitabu mlicho nacho, mkipime kwa vidole vyenu wenyewe. Je, kinawafaa?